Kile mukono wa mbunge wa jimbo unaweza kufikia

Masemi ya mwanachama wetu mumoja, mugombea ubunge wa jimbo, mbele ya mukutano wa mwezi wa chama chetu, mu Ruashi, Novemba 2023. Kamati ilifungua mulango kwa kila mwanachama anayegombea. Hatuandike hapa jina lake, wala chama chake cha siasa, wala namba yake, juu gazeti letu haiko bango ya kampeni. Tunachapa yale alisema na maulizo matatu ya mwisho, ili kila mutu ayapime pamoja na yale anasikia kwa wagombea wengine mbele ya tarehe 20 Desemba.

Bamama, batata, bandugu, yambo yenu wote.

Ninaanza na jambo la makuta, juu njo lilinikatalia usingizi jana. Wandugu wawili walinifikia ku nyumba. Waliniambia kama kasa ya matanga iko na makuta kidogo, na kama tungeweza kuyakopa kwa kuchapa mabango yangu, kisha nikishinda ninarudisha mara mbili. Walikuja na roho nzuri, ninawashukuru. Lakini jibu langu ni hapana, na ninalisema hapa mbele yenu wote ili kesho nisiligeuze.

Ile kasa haiko ya siasa. Ile ni mbao ya yule atakufa kesho na hana ndugu mu Lubumbashi. Baba yangu mukubwa alikufa mwaka wa kwanza tulifika hapa, hatukujua hata njia ya makaburi, na ile kasa njo ilinunua sanduku yake. Kama mugombea anaanza kampeni na kula makuta ya wafu, akifika mu Bunge atakula ya nani?

Jambo la pili. Munakumbuka uchaguzi wa 2018. Mugombea mumoja alikuja hapa na chumvi na vitenge. Alipanda juu ya benchi akasema: «Mukinichagua, kila mutu aliyerudi atapata parseli!» Tulipiga makofi. Mimi pia nilipiga, musifikiri nilikuwa na akili kuliko wengine. Mama mumoja wa hapa aliacha hata kulipa nyumba yake ya kupanga miezi miwili, juu alikuwa anangojea parseli. Munajua vile ilimalizika: mwenye nyumba alitosha vitu vyake inje.

Tangu pale nilijiuliza: yule mutu alitudanganya, ao sisi tulimuomba kitu ambacho hakiko mu mukono wake? Nilienda kutafuta Katiba, ile ya tarehe 18 Februari 2006, nikaisoma pole pole na kijana wangu. Jibu ni yote mbili. Alitudanganya, na sisi hatukujua kumuuliza. Kwa hiyo leo sitawaletea chumvi. Ninataka tupime pamoja mukono wa mbunge wa jimbo, ule tunamuitaga depite wa provensi: unafika wapi na unaishia wapi. Kisha nitawaambia musimamo wangu, jambo kwa jambo, na katibu ataandika.

Mbunge wa jimbo ana kazi tatu. Anapiga kura juu ya sheria za jimbo, na ile kubwa kupita zote ni bajeti. Anachunguza gavana na waministri wa jimbo: anaweza kuwaandikia maulizo, kuwaita wajibu mbele ya Bunge, na kuomba tume ya uchunguzi. Na anachagua gavana, na tena wasenata wanaoenda Kinshasa. Basi. Kujenga njia haiko kazi yake. Kuleta transfo haiko kazi yake. Kuweka mutu ku kazi haiko kazi yake.

Kifungu cha 204 cha Katiba kinaandika mambo ambayo jimbo linashika lenyewe: njia za jimbo, kuongoza masomo ya primeri na sekonderi kufwatana na kanuni za taifa, matunzo ya kwanza ya wagonjwa, kodi ya parseli, kodi ya nyumba za kupangisha, kodi ya magari, kutoa hati za parseli kufwatana na sheria ya taifa, na hata biashara ndogo ya ku mupaka. Munasikia ile? Biashara ndogo ya ku mupaka. Mama anayevuka Kasumbalesa na mufuko mumoja wa unga, Katiba inamujua. Lakini jeshi, SNEL, mushahara wa mwalimu, vita ya Kivu, vyote vile vinaamuliwa Kinshasa. Mugombea wa jimbo akiwaambia atamaliza kukatika kwa umeme, musimutukane. Mumuulize tu: «Na sheria gani, mukubwa?»

Sasa musimamo wangu.

Ya kwanza ni makuta ya jimbo, na hapa nitakaa kidogo, juu mengine yote inatoka mule. Katiba, kifungu cha 175, inasema asilimia 40 ya makuta ya taifa ni ya majimbo, na jimbo linapashwa kuikata pale pale inatoka. Mpaka leo haifanyike vile. Makuta yanapanda Kinshasa kwanza, kisha jimbo linangojea yarudi, sawa mutu anangojea treni. Mimi peke yangu siwezi kubadilisha ile, na atakayewaambia anaweza anawapoteza. Tukumbuke tena: tangu 2015 Katanga ilikatwa mu majimbo mane, Haut-Katanga, Lualaba, Haut-Lomami na Tanganyika. Migodi mikubwa ya Kolwezi sasa iko ya Lualaba. Mutu anayewaahidi kazi za Katanga ya zamani na makuta ya Haut-Katanga ya leo, hajafanya hesabu.

Lakini kuko makuta mengine ambayo yanatuhusu hapa hapa. Sheria mupya ya madini, ya tarehe 9 Machi 2018, ilipanga vile kampuni inalipa redevansi. Sikieni vizuri. Kama kampuni inalipa dola 100 ya redevansi, 50 inaenda ku serikali ya taifa, 25 inaenda ku jimbo, 15 inaenda ku komini ao sheferi ao sekta ambamo mugodi uko, na 10 inaenda ku mufuko wa wana na wajukuu watakaozaliwa. Inje ya pale, kampuni inapashwa kutosha dola 3 ku kila dola 1000 ya mauzo yake kwa kazi za wenyeji wa karibu na mugodi.

Basi ile 25 haiko Kinshasa. Inaingia mu mikono ya jimbo. Na ile 15 iko karibu zaidi. Hapa tunaikala, tunasikia mugodi usiku, tunaona lori zinapita na vumbi mu sahani ya bukari. Nani kati yetu anajua mwaka jana iliingia ngapi? Mimi sijue. Na ninyi hamujue. Ile kutojua njo ugonjwa wenyewe.

Mu chama chetu, kila mukutano katibu anafungua daftari na anasoma kwa sauti: nani ameweka, nani amekopa, nani amekufa, tulitosha ngapi. Hata muzee asiyejua kusoma anasikia, na kama hesabu haitimie anainua mukono. Kama sisi tuliofika na mufuko mumoja juu ya kichwa tunaweza kufanya vile, jimbo linashindwa nini? Musimamo wangu: mu kikao changu cha kwanza nitaandikia serikali ya jimbo ulizo moja, ya kuandikwa. Redevansi ya madini iliingia ngapi kila miezi mitatu, na ilienda wapi? Jibu likija, nitalibandika ku mulango wa ofisi ya komini, mu Kiswahili. Lisipokuja, nitabandika kama halikuja, na tarehe. Na mushahara wangu wa mbunge nitaubandika pembeni.

Ya pili ni masomo. Primeri ya serikali ni ya bure, Katiba inasema mu kifungu cha 43, na ilianza kufanyika kweli mu Septemba 2019. Sekonderi haiko bure. Kila mwaka gavana anatia sahihi ku azimio linalopanga minervali. Pale njo shida yetu inaanzia, juu ku mulango wa masomo unakuta mengine juu ya yale: ya ukuta, ya sare, ya siku ya mwalimu, ya mutihani wa kujaribu.

Wengine wenu wanataka niseme: «Nitakataza makuta yote.» Ningesema vile mungepiga makofi. Lakini kuko walimu wanaofundisha watoto wetu na Kinshasa haijaandika majina yao ku liste ya mushahara. Wanakula na yale tunalipa. Nikikataza yote leo, nimemunyanganya mwalimu bukari yake, na kesho hatakuja ku darasa. Kwa hiyo musimamo wangu ni mudogo kuliko makofi yenu: azimio la gavana libandikwe ku mulango wa kila masomo, kila franka ipewe risiti, na mutoto asifukuzwe katikati ya mitihani juu ya deni la muzazi. Njia ambayo iko mu mukono wangu ni kuita ministri wa jimbo wa masomo ajibu, na kukatalia bajeti ambayo haina ukaguzi wa masomo ndani yake.

Vijana waliomaliza Grade 9 ao Grade 12 ku Zambia, ninawajua, mwana wa dada yangu yuko kati yao. Karatasi zao zinangoja hati ya kulinganisha, na ile inatoka Kinshasa. Sitaahidi hati. Ninaahidi kitu kimoja: kuomba ofisi ya jimbo ikusanye dosie zote mara moja na kuzituma pamoja, pahali kila kijana atume yake peke na kulipa mutu wa katikati.

Ya tatu ni karatasi za kuzaliwa. Sheria inasema mutoto aandikwe mbele ya siku 90. Kisha pale, kunapashwa hukumu ya tribinali, na hukumu inaita makuta, na safari, na siku za kupoteza. Watoto wetu waliozaliwa Mwange, Kala ao Mantapala walipita siku 90 mbele hata hatujarudi. Kuko njia ambayo ilishafanywa mu sehemu nyingi za Congo: tribinali inatoka, inaenda kukaa mu kartié ao mu mugini siku chache, na inahukumu dosie mingi pamoja. Jimbo linaweza kulipia ile safari mu bajeti yake. Nitaomba mustari ule uandikwe, kwa Ruashi na Annexe, na kwa Pweto pia, juu wengi waliorudi kutoka Mantapala tangu mwisho wa 2021 walifikia kule.

Ya ine ni parseli. Ninajua munangoja hapa. Sitaahidi parseli hata moja. Tangu sheria ya 1973 udongo ni wa serikali, na mbunge hana udongo wa kugawa. Anayewaahidi, ao ataiba pahali, ao anawadanganya.

Lakini tuangalie vile mambo yanafanyika mu Annexe. Unanunua kwa mwenye kusema ni wa ukoo wa mufalme wa udongo, anakupa karatasi na muhuri wa zambarau. Unajenga musingi. Miezi sita, mwengine anakuja na karatasi ya ofisi, tena na polisi. Mimi mwenyewe ilinifikia. Nililipa parseli yangu mara mbili, mara ya kwanza ku muzee wa mugini, mara ya pili ku mutu wa ofisi moja, na ukuta wa kwanza walibomoa mbele ya watoto wangu. Bibi yangu aliokota matofali moja moja mpaka giza iliingia.

Kutoa hati za parseli ni mu orodha ya jimbo. Kwa hiyo musimamo wangu ni huu: mbele kartié mupya haijauzwa, ramani yake ibandikwe ku komini mwezi muzima, na namba za parseli, na mwenye kupinga aje kupinga mbele watu hawajajenga. Ramani ku ukuta haitamupa mutu nyumba, lakini itakataza parseli moja kuwa na wenyewe watatu. Ile mbunge anaweza kuisukuma kwa sheria ya jimbo.

Ya tano, mupaka na njia. Mama anavuka Kasumbalesa ao Pweto na vitu vya kubeba ku kichwa, anakuta meza ine, tano, kila moja na daftari yake. Kuko ordonansi ya tarehe 13 Machi 2018 iliyoandika majina ya kodi zote za jimbo na za komini. Ile haiko ku orodha, haiko kodi. Musimamo wangu: orodha ibandikwe ku mupaka mu Kiswahili na Kibemba, na nitaita ministri wa makuta wa jimbo kila wakati nitapata karatasi ya meza ambayo haiko ku orodha. Muniletee zile karatasi. Bila karatasi, nitakuwa na maneno tu.

Juu ya unga, munajua vile mwaka huu tuliteseka wakati Zambia ilifunga mukono na bei ikapanda. Wakati wa gavana Moïse Katumbi, jimbo liliambia kampuni za madini zilime hekta 500 kila moja. Zingine zililima, zingine zilitafuta sababu. Mimi naona kitu kimoja kinapita vyote: mahindi ya Kasenga, Pweto na Mitwaba yanaoza juu lori haifike. Nitapigia kura bajeti ambayo inatengeneza njia za mashamba mbele ya zile njia za katikati ya muji zinazopendeza ku picha. Bei ya mufuko siiahidi. Mbunge wa jimbo hapange bei ya Zambia.

Sasa ninafika ku jambo ambalo rafiki zangu walinishauri niliache. Mu Lubumbashi leo kuko njia mufupi ya kupata kura. Ni kusema mubaya juu ya wale wanashuka na treni kutoka Kasai. Mutu wa karibu yangu aliniambia: «Sema tu utabarudisha kwabo, na Ruashi yote itakupikia bukari.»

Siwezi. Sababu ya kwanza ni ya sheria: kifungu cha 30 cha Katiba kinapa kila mutu haki ya kutembea mu inchi na kuchagua pahali pa kuikala. Bunge la jimbo haliwezi kukataza Mukongomani kuikala mu Congo. Mugombea anayeahidi vile ni ndugu ya yule wa parseli.

Sababu ya pili munaijua mbele sijaisema. Nilivuka kwenda Zambia mu Desemba 2000, wakati vita ilifika Pweto. Nilikaa Mwange karibu miaka tisa. Siku tulifika hapa Lubumbashi, walituita nani? «Bazambia.» Watoto wetu walisema Kibemba na Kiingereza, wenzao walicheka. Mwenye nyumba aliniuliza: «Munatoka wapi tena ninyi, na mutarudi lini?» Ilikuwa inchi yangu, na sikuwa na jibu. Leo mutu mwengine anashuka ku gare na mufuko wake, na mimi njo nimuulize lile ulizo?

Na wale wazee hapa wanakumbuka 1992 na 1993, mu Likasi na mu Kolwezi. Watu wenye asili ya Kasai, wengi waliozaliwa hapa, walifukuzwa. Walilala ku gare wakingojea treni, na wengi walikufa, hata watoto. Kisha nini? Gécamines haikufufuka. Kazi hazikurudi. Nani kati yetu alipata mukate juu ya ile?

Sisemi hakuna shida. Watu wanafika wengi, madarasa yamejaa, wanaolala ku barazani wako, na wezi wako. Mwizi akamatwe kama mwizi, bila kuuliza kijiji chake. Madarasa kujaa ni ulizo la bajeti, na nitaliuliza mu bajeti. Kama juu ya haya ninakosa kura, nikose. Nitarudi ku meza yangu ya soko na nitawasalimia wote bila haya.

Ya mwisho ni kura ambayo mbunge mwenyewe anapiga. Kisha uchaguzi, Bunge la jimbo litachagua wasenata na gavana. Munakumbuka Machi 2019: kelele ya makuta ilikuwa kubwa juu ya uchaguzi wa wasenata, mpaka Rais Tshisekedi na wakubwa wengine wa inchi walisimamisha kwanza wasenata wasiingie mu kazi, na uchaguzi wa magavana ukasogezwa mbele. Yule mbunge anayeuza kura yake siku ile anauza zenu zote zilizomupandisha, mara moja, na hamutaona hata franka. Nikishinda, nitakuja hapa mbele ya ile siku na kuwaambia nitapigia nani na sababu gani. Kura ni ya siri, hamutaweza kunihakikisha. Lakini nikitoka hapa nikifanya ingine, nitajua kama nilidanganya watu walionizikia baba mukubwa.

Njo yale niko nayo. Katibu ameandika. Ninaomba karatasi ile ikae mu daftari ya chama, na kila mwaka muniite hapa isomwe mustari kwa mustari. Aksanti sana.

MAULIZO

Mama mumoja wa soko aliuliza: «Bengine banatupatia franka na mipira ya fasi. Weye unatuletea karatasi tu. Juu ya nini tukupigie?»

Alijibu: «Mama, kununua kura sheria inakataza, lakini sitakuambia urudishe makuta ya watu. Ninakuomba uhesabu. Kama mutu anakupa franka 5000 kwa miaka tano, ile ni franka 1000 ku mwaka. Haifike hata sombe ya siku moja. Mule mu chumba cha kura uko peke yako. Pigia yule unaweza kumuuliza makosa yake kesho. Kama unaona haiko mimi, basi pigia mwengine, na ku mukutano wa mwezi ujao nitakuwekea kiti pembeni yangu sawa zamani.»

Kijana mumoja aliuliza: «Na kama wakubwa wa chama chako cha siasa banakuamuru upige kura kinyume cha yale umesema leo?»

Alijibu: «Ulizo gumu. Katiba inasema hakuna mutu anaweza kumuamuru mbunge namna ya kupiga kura. Lakini inasema tena kama mbunge akiacha chama chake kwa kupenda, anapoteza kiti. Kwa hiyo wanaweza kunisukuma, kuninyima nafasi mu tume, kuninyima musaada mara ingine. Siwezi kukuambia hawatafanya. Ninakuambia kama ku redevansi, ku ramani za parseli na ku orodha ya kodi sitarudi nyuma. Mu mambo mengine nitakuja kuwaeleza hapa mbele, na pengine mutanikasirikia.»

Muzee mumoja, wa wale walirudi na misafara ya kwanza, aliuliza: «Mwanangu, ukishinda utahama Ruashi?»

Alinyamaza kidogo, kisha alijibu: «Baba, ule ukuta nilijenga mara mbili. Sitauacha.»

NENO LA KAMATI

Kamati inakumbusha: chama hakina mugombea. Kasa ya matanga na kasa ya likelemba hazitatoka kwa kampeni ya mutu yeyote, awe mwanachama ao mugeni. Mwanachama mwengine anayegombea na anataka kusema, afikie katibu. Atapewa saa ile ile na maulizo yale yale. Wale wamepoteza karti ya uchaguzi wasingoje siku ya mwisho, waende ku CENI kuomba dipulikata. Karatasi ya ahadi iliyosomwa siku ile imewekwa mu daftari ya chama, kwa yeyote anayetaka kuisoma ao kusomewa.